Kumiksi nyimbo za Injili: studio ya watu, chumbani kwako, au mitambo ya kanisa?

Fundi wa sauti anayetaka kuishi kwa kumiksi (kusawazisha sauti na ala za wimbo) na kumasta (kuupa wimbo mguso wa mwisho kabla haujatoka) nyimbo za Injili hapa Dar es Salaam ana milango mitatu. Wa kwanza ni kukaa kwenye studio ya mtu na kulipwa asilimia ya kila wimbo. Wa pili ni kujitegemea: chumba chako, kompyuta yako, wateja wako, jina lako. Wa tatu ni kuwa fundi mitambo wa kanisa kubwa kwa malipo ya mwezi, na kumiksi ibada zinazorekodiwa palepale. Nimepita kote kutatu. Vijana wanaoniuliza wafuate njia ipi huanza na fedha, nami huwarudisha nyuma kidogo: miksi yako ikitoka nje ya chumba ulichoitengenezea, inafika huko ikiwa nzima? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha mlango upi uufungue kwanza, na tofauti nyingi nitakazozitaja hapa zinaishia kwenye swali hilohilo.

Chumba

Studio iliyotengenezwa vizuri inakubeba kimyakimya. Spika zimekaa mahali pake, kuta zimetulizwa, mwenye studio anajua zinavyolia tangu kabla hujafika. Ukikosea, kuna mtu anapita mlangoni anasema, "Kaka, hiyo besi imezidi," unairekebisha kabla mteja hajaisikia. Nilipokuwa studio niliamini masikio yangu yamekomaa. Nilipoondoka ndipo nikagundua kwamba sehemu kubwa ya niliyoyaita masikio yangu ilikuwa ni kile chumba na watu wake.

Nyumbani mambo ni mengine. Chumba cha kupanga mjini mara nyingi ni futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3.05 kila upande. Chukua mwendo wa sauti katika hewa ya joto la Dar, karibu mita 349 kwa sekunde, uugawe kwa mara mbili ya urefu huo: unapata hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Hiyo ndiyo noti ambayo chumba chenyewe kinaiimba, na kwa kuwa urefu na upana vinalingana, kinaiimba mara mbili. Sasa, pigo la ngoma ya mguu linakaa kati ya hezi 50 na 60. Gitaa la besi nalo liko hapohapo: uzi wake mnene ukipigwa wazi ni hezi 41, na unaofuata ni hezi 55. Ukikaa na mgongo ukutani, unasikia besi kubwa kuliko iliyopo, hivyo unaipunguza. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, ile noti inafutika, hivyo unaiongeza.

Miksi yangu ya kwanza ya kwaya baada ya kuanza kujitegemea niliifanya nimekaa katikati kabisa. Nilikuwa nimeweka meza pale kwa sababu ndipo feni ilipokuwa inafika. Siku ya uzinduzi wa albamu kanisa limejaa, mgeni rasmi yuko mbele, wimbo ukapigwa kwenye spika kubwa. Ngoma ya mguu ilikuwa inatikisa vioo vya madirisha. Akina mama wa viti vya mbele wakaanza kuinamisha vichwa. Mwalimu wa kwaya akanifuata nyuma akaniinamia sikioni: "Mtumishi, mbona maneno hayasikiki?" Kwaya ile ilichanga zaidi ya mwaka mzima kupata fedha ya kurekodi. Nilirudia nyimbo zote nane bila malipo, na ndivyo ilivyostahili.

Trei za mayai ukutani hazisaidii kitu hapa. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita sita na ushee. Litapita kwenye karatasi kana kwamba haipo. Kinachosaidia ni unene: ile pamba ya kuzuia joto wanayotumia mafundi wa viyoyozi, ifungwe kwenye fremu za mbao na kufunikwa kitambaa, irundikwe kwenye pembe za chumba kuanzia sakafuni hadi darini. Kisha kiti kikae karibu theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, wala si katikati. Hata ukifanya yote hayo, chumba kidogo kinabaki chumba kidogo. Ndiyo maana wengi wanaojitegemea hufanya kazi kubwa kwa hedifoni, na mimi ni mmoja wao. Hedifoni haijui chumba chako kina futi ngapi. Udhaifu wake uko kwingine: kila kitu unakisikia kimetanuka kuliko kilivyo, na mwangwi unaouona wa kutosha kwenye hedifoni ukipigwa kwenye spika unaweza usisikike, au ukawa umezidi. Fanya maamuzi ya besi kwa hedifoni, na maamuzi ya mwangwi na nafasi kwa spika zenye sauti ndogo.

Kanisani huna chumba cha kusikilizia kabisa, na hili linawashangaza wengi. Fundi mitambo anakaa nyuma ya ukumbi, na ukumbi wenyewe unapiga muziki pamoja naye. Ngoma inasikika yenyewe bila spika, kwa hiyo kwenye miksa anaiacha chini. Sauti za waimbaji hazifiki bila spika, kwa hiyo anazipandisha. Ukirekodi kile kinachotoka kwenye miksa moja kwa moja unapata sauti kubwa za watu na ngoma kama inapigwa nyumba ya tatu. Watu wanasema fundi hajui kazi, kumbe amewafanyia kazi waliokuwa ndani ya ukumbi, na aliifanya sawasawa. Bahati nzuri miksa za kidijitali zimebadilisha hali. Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012, inaweza kutuma mikondo 32 iliyotengana kwenye laptopu kwa waya mmoja wa USB, ukaja kumiksi Jumatatu ukiwa umetulia. Andaa tu diski ya kutosha: ibada ya saa mbili, mikondo 32, kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, ni karibu GB 33.

Masikio ni mali ya njia zote tatu, ila yanaharibika kwa kasi tofauti. Kiwango kinachokubalika kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza desibeli tatu muda unakatika nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Fundi mitambo wa ibada za nguvu anaweza kuumaliza muda wake wa siku kabla mahubiri hayajaanza. Anayejitegemea ana uhuru wa kushusha sauti, ilimradi aushike uhuru huo.

Kazi yenyewe

Watu husema "gospo" kana kwamba ni muziki mmoja. Fundi anajua ni kazi tatu au nne tofauti, na kila moja ina mlango unaoifaa.

Ngumu kuliko zote, na ndiyo niipendayo, ni kwaya. Kwaya nyingi hurekodiwa watu wanne wanne au watano watano mbele ya maiki moja. Sauti ya kwanza wanaingia, kisha ya pili, kisha sauti ya tatu (tena), kisha besi, na kila kundi linarudia mara mbili au tatu ili kwaya ionekane kubwa. Ongeza magitaa ya solo, rizimu na besi, kinanda na ngoma, wimbo wa dakika saba unakuja na traki arobaini, yaani rekodi arobaini zilizotengana. Kwa biti 24 na kilohezi 48 hizo ni GB 2.4 kwa wimbo mmoja.

Chukua neno "msalaba". Makundi kumi na mawili wameliimba, na kila kundi limeiachia ile "s" kwa wakati wake, kwa tofauti ya chembe ya sekunde. Ukiyafungulia yote kwa pamoja husikii "s" moja. Unasikia mafuta yanayokaangwa. Njia ya mkato ni kuweka plagini (programu ndogo ya kuchakata sauti) inayominya sauti kali kwenye kwaya nzima, na hapo umeufuta mwanga wote wa wanawake wale. Njia ya kweli ni kuingia neno kwa neno, ukaacha "s" ya kundi moja, nyingine zote ukazishusha karibu na kimya. Hali kadhalika mwisho wa mistari: "wetu" ya mmoja isibaki ikining'inia baada ya wenzake kufunga. Wimbo mmoja unaweza kula saa nne kwa kazi hiyo tu, hujagusa gitaa.

Hapa ndipo tofauti kubwa kati ya studio na nyumbani ilipo, na ni nadra kuizungumza. Studio ya biashara haina saa nne hizo. Mteja mwingine yuko nje kwenye benchi, mwenye studio anaangalia saa, unaweka plagini unasonga mbele. Nilifanya hivyo kwa miaka na nyimbo zilipigwa redioni bila mtu kulalamika. Lakini ukiketi na mwalimu wa kwaya aliyewafundisha watu wake sauti ya pili kwa miezi mitatu, Jumanne na Alhamisi, utaona anainamisha kichwa akiitafuta ile sauti ya pili. Yupo anayeisikiliza. Nyumbani unaweza kumpa. Saa ni zako.

Sauti ya pili ndiyo inayopotea kila mara. Ya kwanza iko juu, masikio yanaikimbilia. Besi ina uzito wake. Sauti ya tatu ina ukali wake. Ya pili iko katikati, palepale vilipokaa kinanda na gitaa la rizimu. Kuipandisha tu hakusaidii. Mimi hukisogeza kinanda kushoto na rizimu kulia, nikapunguza kinanda kidogo kati ya hezi 400 na 800 pale kwaya inapoimba, kikarudi kwaya inaponyamaza. Kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza, sifanyi hivyo, maana sebene ni ya gitaa la solo na watu wanaisubiri.

Waimbaji binafsi ni kazi nyepesi kidogo. Mara nyingi ala zinakuja zimeshaunganishwa na prodyuza kuwa faili moja la kushoto na kulia, wewe unabaki na sauti ya kiongozi na waitikiaji. Kazi hii inafaa sana anayejitegemea kwa hedifoni, na ndiyo njia nzuri ya kuanzia. Kumbuka tu kwamba mwimbaji wa Injili hapa kwetu hatumii toleo moja tu la wimbo. Anaalikwa makanisani kila Jumapili akiwa na flashi mkononi, kwa hiyo anahitaji wimbo kamili, ala tupu, na ala pamoja na waitikiaji bila sauti yake. Matoleo hayo matatu yatoe siku ileile ulipofunga miksi. Akikuomba baada ya miezi minane, kompyuta imeshabadilika na plagini hazifunguki.

Kwaya zisizotumia ngoma, hasa za Wasabato, zinataka utulivu. Hakuna pa kujificha. Pumzi ya mtu, kiti kilicholia, noti iliyoshuka, vyote viko wazi. Kwa nyimbo hizo nafanya kazi kuanzia saa nne usiku, bodaboda zikipungua mtaani. Studio yenye kuta nene hapo inanizidi kabisa.

Ibada ya moja kwa moja ni ya fundi mitambo, na sijaona anayeifanya vizuri bila kuwepo siku yenyewe. Maiki ya mwimbaji inameza ngoma iliyo nyuma yake. Ukipandisha kwaya unapandisha na matoazi. Aliyekuwepo anaweza kuisogeza ngoma kabla ya ibada, au akaiwekea kinga ya plastiki. Aliyetumiwa mafaili nyumbani anaanza akiwa ameshachelewa.

Mteja ambaye ni watu arobaini

Mteja wa Bongo Fleva ni mtu mmoja, au mtu na meneja wake. Mteja wa Injili mara nyingi ni kwaya: mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, mwalimu, na nyuma yao kamati ya kanisa na mchungaji. Kila mmoja ana haki ya kusikia, na kila mmoja ana neno.

Studio inakukinga na hili. Mwenye studio ndiye anayeongea nao, wewe unapokea maagizo yaliyochujwa. Kanisani kinga ni uongozi wenyewe. Una mkubwa wako mmoja, na akisema imetosha, imetosha. Anayejitegemea hana kinga. Kuna kwaya iliniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp ili "iwe rahisi". Usiku wa kwanza nikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa watu kumi na mmoja. Mmoja anasema kinanda kiongezwe, wa pili anasema kinanda kinaua maneno, dada mmoja wa sauti ya kwanza anasema hajisikii. Wote walikuwa wakweli. Wote walikuwa wanasikiliza kwa simu tofauti.

Tangu hapo nina utaratibu, na nakushauri uuchukue kabla hujaumia. Kwaya iteue msemaji mmoja, na maoni yote yapitie kwake yakiwa yameandikwa pamoja na dakika na sekunde. Marekebisho ni mara mbili ndani ya bei, ya tatu inalipiwa. Kabla ya kunitumia maoni, wakae pamoja wausikilize wimbo kwenye spika za kanisa, siyo kila mtu na simu yake. Sharti hili la mwisho linapunguza maoni kwa zaidi ya nusu, maana mengi ya yale kumi na moja yalikuwa malalamiko juu ya simu.

Kama wewe ni mtu unayeona aibu kumwambia mama mwenyekiti mwenye umri wa mama yako, "Shikamoo mama, naomba hilo lipitie kwa katibu," basi kaa studio mwaka mwingine. Nasema kwa upendo. Ukimya wako utakugharimu zaidi ya asilimia anayochukua mwenye studio.

Fedha

Tuseme wimbo ni sh. 150,000. Studio inakupa asilimia 40, yaani sh. 60,000. Nyimbo nane kwa mwezi ni sh. 480,000, umeme na kompyuta si juu yako. Nyumbani, nyimbo nne kwa bei hiyohiyo ni sh. 600,000, toa sh. 120,000 za LUKU, bando, diski na nauli, unabaki na sh. 480,000 zilezile. Kwa hiyo nyimbo nne za nyumbani ni sawa na nane za studio, na ukipata sita umewapita. Hesabu inavutia, na watu wengi wanaondoka studio kwa hesabu hii.

Kinachosahaulika ni kwamba nyimbo nne hizo unazitafuta mwenyewe, na mmoja asipolipa umepoteza robo ya mwezi. Studioni asiyelipa anatafutwa na mwenye studio. Tena kazi za kwaya hazitiririki sawasawa. Kwa uzoefu wangu zinafurika kuelekea Pasaka na Krismasi, Januari watu wanalipa ada za shule na simu inanyamaza. Usihame studio bila akiba ya miezi mitatu, na usihame Desemba ukidhani mafuriko yale ni maisha ya kawaida.

Masharti yangu ya malipo ni nusu kabla ya kuanza, nusu nyingine kabla ya kukabidhi. Wakati wa marekebisho natuma MP3 tu. WAV, faili la ubora kamili, linatoka fedha ikishaingia. Hili nalisema mwanzoni kabisa, kwa heshima, kwa sababu katika kazi ya Injili kuna neno moja litakalokujia: "Mtumishi, tufanyie kama huduma." Usikasirike, na usikubali ukiwa unanung'unika moyoni. Mimi kila mwaka natoa wimbo mmoja bure kabisa kama sadaka, nauchagua mwenyewe, na naufanya kwa nguvu zote kama uliolipiwa. Nyingine ni kazi, na mtendakazi anastahili ujira wake. Wapendwa wengi ukiwaeleza hivyo wanaelewa.

Fundi mitambo ana fedha ndogo kuliko wote, lakini inakuja kila mwezi. Tatizo lake ni kwamba makanisa mengi hayajaamua kama kiti kile ni ajira au utumishi. Ulizia kabla: mazoezi ya katikati ya wiki yamo? Mkesha je? Kumiksi rekodi ya ibada kwa ajili ya YouTube ni sehemu ya posho, au ni kazi nyingine? Kwa fundi wa aina hii, rekodi za ibada ndizo zinazoweza kumtoa, maana kila wiki ana traki 32 za kujifunzia ambazo mtu wa nyumbani hazipati kwa fedha.

Anayejitegemea ana soko moja ambalo wenzake hawana: nje. Kuna kwaya nyingi za Wakongo na Warundi wanaoimba Kiswahili huko Marekani, wanaorekodi wenyewe na wanatafuta fundi anayejua sebene inapaswa kupanda wapi. Saa zao ziko nyuma yetu, Chicago kwa saa nane au tisa kulingana na majira, kwa hiyo maoni yao yanaingia ukiwa umelala na asubuhi unaanza kazi bila kusubiri. Kabla ya kufungua mafaili yao, uliza yalirekodiwa kwa kilohezi ngapi. Wanaorekodi pamoja na video hutumia 48, wengine 44.1, na programu ikiyasoma ya 44.1 kama ya 48 wimbo unapanda karibu semitoni moja na nusu na kukimbia. Nimewahi kufanya kazi nusu siku juu ya wimbo wa namna hiyo, nikishangaa kiongozi ana sauti nyembamba kiasi kile.

Kuhusu haki, kwa ufupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inawatambua watunzi kwa hakimiliki, na kwa hakishiriki inawatambua waimbaji na wapigaji, watayarishaji wa rekodi, na watangazaji. Aliyemiksi hatajwi peke yake humo. Ukitaka sehemu ya mapato ya baadaye, iandikwe kwenye mkataba. La sivyo ujira wako ndio huo uliolipwa. Hili ni sawa kwa njia zote tatu, ila anayejitegemea ndiye anayeweza kukaa mezani na kulizungumza.

Programu

Studioni programu si zako, na mara nyingi hujui zimetoka wapi. Ukihamia nyumbani utashawishika kuweka zilizovunjwa. Usifanye. Huwezi kukaa usiku kucha unasafisha neno "haki" kwenye wimbo kwa kifaa cha wizi na moyo wako ukatulia, wangu haukutulia. Na hata ukiweka imani pembeni, programu hizo zinakatika katikati ya kazi, na huna wa kumwuliza. Leseni ya Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi, kwa mtu binafsi ni dola 60, unaijaribu siku 60 kwanza, na inakuja na plagini zake zinazotosha kabisa kumiksi kwaya. Nimemiksi albamu nzima kwa plagini hizo peke yake. Aliyezoea Cubase au FL Studio anunue anachokijua, lakini asiseme hana uwezo kabla hajaitazama bei hiyo.

Masta

Masta ni mahali ambapo ningependa watu wote wasikilize. Spotify husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), na YouTube inakaribia hapohapo kwa kuzishusha zile zinazozidi. Ukiusukuma wimbo hadi -7 ili "uwe na nguvu", utashushwa kwa desibeli saba, na ule uchovu uliouminya ndani yake utabaki. Kilele kiachwe kwenye desibeli -1, kwa sababu wimbo ukigeuzwa kuwa MP3 au AAC vilele vinapanda kidogo na kuanza kukwaruza. Kwaya inateseka kwa kuminywa kuliko muziki mwingine wowote, maana raha yake ni pale wanapoanza kwa unyenyekevu na kufunguka kwenye kiitikio. Ukikifanya kiitikio kiwe na sauti ileile ya ubeti, umewanyang'anya ushuhuda wao.

Mteja atakuletea wimbo wa mwingine na kuuliza, "Mbona wa wenzetu una nguvu?" Usibishane. Shusha ule wa wenzao mpaka ulingane kwa sikio na wa kwao, umpigie zote mbili, mara tatu. Wengi hubadili mawazo wakiwa palepale kwenye kiti.

Kwa njia zote tatu, ninashauri anayemiksi asimaste kazi yake mwenyewe. Studioni kuna mwenzako. Nyumbani itabidi umtafute: mimi na fundi mwenzangu tunabadilishana, yeye anamasta zangu nami zake, hakuna anayemlipa mwenziwe. Kuna huduma za kumasta kwa mashine, LANDR wa Kanada wakiwa sokoni tangu 2014, na kwa wimbo wa haraka zinafaa. Ila mashine haitakupigia simu kukwambia, "Ndugu yangu, sauti ya pili haipo."

Nani achukue mlango upi

Kama hujamiksi nyimbo zisizopungua hamsini, nenda studio, hata kwa asilimia ndogo. Utapata makosa mengi kwa muda mfupi na watu wa kukusahihisha. Kama unapenda ibada yenyewe, unatulia mambo yanapoharibika mbele ya watu elfu, na una kipato kingine kidogo, shika mitambo ya kanisa, na sharti la kwanza liwe kurekodi traki zote zikiwa zimetengana. Kama una subira ya kusafisha "s" kumi na moja usiku, unaweza kusema hapana bila kukosa adabu, na una akiba, basi jitegemee. Unaweza pia kuchanganya. Mafundi wengi ninaowaheshimu wanajitegemea siku za kazi na kushika mitambo Jumapili, na ndivyo ninavyoishi mimi sasa.

Kabla ya kuiaga studio, fanya jambo moja. Chukua miksi tatu ulizozifanya peke yako chumbani, uziweke kwenye flashi, uende kanisani Jumamosi jioni wakati kwaya inafanya mazoezi. Umwombe fundi mitambo azipige bila kugusa kitu. Usikae karibu naye. Nenda usimame mlangoni, pale wanapoachwa watoto na viatu, uangalie kama unaweza kuyafuata maneno ya ubeti wa pili na kama ile sauti ya pili inafika. Kisha uzisikilize zilezile kwenye daladala ya kurudi nyumbani, kama konda atakukubalia, na kwenye simu yako ukiwa jikoni. Ikifika kote kutatu, mwambie mwenye studio wako asante, na umpe mwezi mzima wa kumtafuta mwingine. Isipofika, hamisha kwanza kiti.